Mzigo wa Saa Saba kutoka Kisorya

Mmeniomba niandike namna barua pepe zilivyoanza kwenye ofisi yetu, kabla kumbukumbu hazijaniponyoka. Nimekubali, ila vyeo sitaandika. Vyangu vyote vinaenea nyuma ya bahasha moja. Nitaandika juu ya vifaa, juu ya watu walionifundisha, na juu ya wiki moja ya masika ambayo mama mmoja wa Kisorya nusura afe kwa sababu ya mistari miwili niliyoiandika mimi kwenye kompyuta.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la sita, kijiji cha jirani na Nyamuswa. Hakukuwa na tatizo nyumbani wala shuleni. Lori la pamba liliharibika mbele ya shule, nikakaa na fundi wake siku mbili nikimshikia spana, na siku ya tatu lori lilipoondoka nilikuwa juu yake. Baada ya hapo niliziba pancha za baiskeli, nikapakua samaki Mwigobero, nikaingia mashimo ya dhahabu Buhemba, nikatengeneza redio za mkulima. Kila mahali nilidumu mpaka nilipojua kitu kinavyofanya kazi ndani yake. Nikishajua, miguu inaanza kuwasha. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi siishi mahali, ninapita.

Ofisi yetu wakati huo ilikuwa na vyumba vitatu mjini Musoma, na ilihudumia zahanati za kanisa zilizotawanyika kutoka Butiama mpaka mwisho wa rasi kule Kisorya. Nilifika pale nikiwa nimebeba betri ya lori begani, kwa kuwa mwezi ule nilikuwa nafanya kazi kwa mtu wa kuchaji betri. Mezani alikaa mzee Masatu, aliyewahi kuwa mtu wa redio kwenye meli ya ziwani. Mbele yake redio koli ilikuwa ikikoroma.

"Shikamoo mzee. Hii inaongea na nani?"

"Marahaba. Na Kisorya."

"Na sasa hivi inasemaje?"

"Sasa hivi inasema weka betri chini."

Niliweka. Nikauliza kwa nini waya wa antena umefungwa kwenye mti kwa kamba ya nailoni na si kwa waya mwingine. Nikauliza mlio ule ni wa mtu au wa mvua. Nikauliza hiki kisanduku cheusi pembeni ni cha nini. Mzee akavua miwani.

"Kijana, maswali yako yanamaliza betri kuliko redio. Ama uende, ama uajiriwe."

Kisanduku cheusi kilikuwa modemu, kile kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa mlio wa kupita kwenye simu au redio. Nimekaa nacho na vizazi vyake miaka yote iliyofuata, na miguu haikuwasha tena, kwa sababu kitu hiki sijamaliza kukijua hadi leo.

Ninyi mmezoea kubonyeza na barua ikaenda. Sisi hatukuwa na njia ya namna hiyo. Bunda na Butiama kulikuwa na simu ya waya, ya kukwaruza. Kisorya hakukuwa na simu kabisa. Kulikuwa na kompyuta, redio, paneli moja ya sola na betri moja. Njia hizo zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukituma picha moja ya pasipoti unaweza kusonga ugali, ukala, ukaosha sufuria, na picha bado iko njiani. Kutuma barua moja moja ilikuwa kazi bure. Kwa hiyo tulifanya kama wenye mabasi: barua inaandikwa, inakaa stendi, inasubiri wenzake. Saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, kompyuta inazikusanya zote, inazifunga pamoja, inazibana, inapiga simu au inaita kwa redio, inazirusha kwa mkupuo, inapokea za upande wa pili, inakata. Sisi tuliuita mzigo. "Mzigo wa saa saba umeingia?" Ndivyo tulivyoulizana.

Kubana ndiko kulikonipendeza kuliko yote. Mzee Masatu alinieleza kwa mfano wa katibu wa kikao. Katibu mvivu akikuta jambo lile lile limesemwa mara ya pili, haandiki tena. Anaandika "kama hapo juu". Programu ya kubana ni katibu mvivu wa namna hiyo, ila haisahau hapo juu palikuwa wapi. Upande wa pili inaifungua na kurudisha kila neno mahali pake. Kadiri barua zinavyofanana ndivyo mzigo unavyokuwa mdogo. Programu zenyewe ziliandikwa na watu wa mbali ambao hawakutufahamu. Kazi yetu ilikuwa kuziunganisha ziishi pamoja. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, nikayasoma na kamusi. Ndiyo maana mpaka leo Kiingereza changu hakina maamkizi, kina majina ya makosa ya mashine tu.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Butiama. Mzigo wa saa kumi ulikatika kila siku, dakika tatu au nne baada ya kuanza. Nilibadilisha modemu, nikabadilisha waya, nikabadilisha kompyuta. Mwisho nilikwenda mwenyewe na kukaa nje ya zahanati na chupa ya chai, nikiutazama waya wa simu kama mtu anayechunga. Saa kumi ikafika, na ng'ombe wakafika. Walikuwa wakirudi kutoka kunywa maji, na nguzo ya simu iliyoinama kando ya njia ndiyo ilikuwa mahali pao pa kujikuna. Dume mmoja mweusi alijikuna kwa ustadi kabisa, nguzo ikatikisika, na ndani nikasikia modemu ikikata. Niliwaambia wenye ng'ombe.

"Sasa fundi," akasema mmoja wao, "wewe unataka ng'ombe asijikunege?"

Nilihamisha mzigo wa Butiama ukawa saa tisa. Tatizo likaisha. Kwenye taarifa niliandika kwamba tumerekebisha ratiba.

Kesi ya pili ilikuwa daktari wa Bunda, mtu mkarimu na mpenda mifugo. Siku moja mzigo wa Bunda haukuisha toka saa saba hadi watu walipofunga ofisi. Ndani yake kulikuwa na picha ya ndama wake. Nilimpigia.

"Daktari, huyu ndama amefunga njia."

"Si mnabana?"

"Picha imeshabanwa tangu kwenye kamera. Nguo iliyokamuliwa haikamuliki tena."

"Lakini umemwona alivyo?"

"Nimeona masikio. Mpaka jioni alikuwa amefikia hapo tu."

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kisorya alikuwapo nesi anaitwa Nyabwire. Alikuwa peke yake kwenye zahanati ile, karibu na kivuko cha kwenda Ukerewe, na mchana akishamaliza foleni ya wagonjwa alikuwa anakaa kuandika barua yake ya siku, moja tu, inayoondoka na mzigo wa saa saba. Huku Musoma aliyefungua mizigo ni dada Bhoke, karani wetu, binti wa wakulima wa Butiama. Hawa wawili hawakuwa wameonana uso kwa uso hata mara moja, lakini walisalimiana kila siku kana kwamba wanachota maji kisima kimoja. Habari za huko, poleni na kazi, za nyumbani, watoto, mvua imefika, msalimie fulani. Baada ya hapo ndipo anasema glavu zimeisha. Vituo vingine vilifanya hivyo hivyo. Kituo kisicho na shida yoyote kilituma salamu tu, na Bhoke aliziitikia zote kabla ya kufunga ofisi.

Masika yale mawingu yalikaa juu ya rasi wiki nzima na betri ya Kisorya ikawa inakufa kila jioni. Redio inakula umeme inapotuma. Nilihesabu dakika, nikaona mistari ya salamu ni mingi kuliko mistari ya kazi, nikaandika tangazo kwa vituo vyote: kuanzia leo barua za kazi zisiwe na salamu. Ndio mstari wangu wa kwanza.

Butiama walitii, na barua zao zikawa kama vibao vya barabarani. Bunda daktari aliandika ukurasa mzima wa salamu kunipongeza kwa uamuzi ule. Nyabwire alijibu: "Habari za huko fundi, poleni na kazi. Sisi hapa hatujambo. Hayo ya kutosalimiana tumeyasikia. Wasalimie nyumbani."

Mstari wa pili ulikuwa ndani ya mashine. Kompyuta ya Kisorya ilikuwa na nafasi ndogo, na njia ilipokatika ilikuwa inarudia kutuma mizigo ya zamani, hata Musoma tukapeleka maboksi ya glavu mara tatu kwa ombi moja. Nikaiamuru: ukishatuma, futa. Na kwenye kioo nikaweka maneno yatokee kwa herufi kubwa, UMEFIKA, ili nesi asiwe na wasiwasi.

Mzee Masatu alisimama nyuma yangu akisoma.

"Na kama upande wa pili hawajapokea?"

"Mzee, ikitoa mpaka herufi ya mwisho, si imepokewa?"

"Kwenye meli tulikuwaga hatusemi tumemaliza. Tunangoja mwenzetu aseme nimepokea. Ukimaliza kusema, hujamaliza kazi."

"Hiyo ilikuwa midomo ya watu, mzee. Hii ni mashine."

Alitazama dirishani kama mtu aliyeona wingu na hana mwavuli.

Jumatatu moja, kabla ya mchana, mwanamke mmoja anayeanika dagaa Kisorya, Mama Nyangeta, aling'atwa na mbwa mkononi na juu ya kiwiko. Mbwa yule alikuwa anadondosha ute na alikuwa ameshauma mbuzi wawili njiani kabla vijana hawajampiga. Nyabwire aliosha majeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kama alivyofundishwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hakuwa nayo. Mnaofanya kazi na wauguzi mnajua: ugonjwa ule ukishaanza kuonekana hauna dawa, kwa hiyo chanjo lazima iutangulie, na hakuna anayejua umebakiza siku ngapi. Nyabwire akakaa, akaandika barua yake, akaiweka kwenye mzigo wa saa saba. Radi ilikuwa inapiga ziwani. Kioo kikamwambia UMEFIKA. Akamwambia mama, "Tulia mama, chanjo inakuja na basi la kesho."

Musoma mzigo ule uliingia nusu. Radi ilikuwa imekata sauti ya redio katikati, na mashine yetu ikaona kitu kisichofunguka. Ikakitupa kwenye jalada la vitu vilivyokataliwa, bila kumwambia mtu, kwa sababu mimi sikuwa nimeiagiza iseme. Na kule Kisorya kilikuwa kimeshafutwa.

Saa tisa Bhoke akaja mlangoni kwangu.

"Fundi, Kisorya leo hajasalimu."

"Vizuri. Ametii tangazo."

"Nyabwire? Atii?"

"Watu hubadilika."

"Kwa barua yako ile?" Akaondoka. Mzigo wa saa kumi redio haikushika kabisa, na hilo kwenye masika halikuwa jambo la kumshangaza mtu.

Jumanne asubuhi redio ikashika, na mzigo wa Kisorya ukaja mtupu. Mimi nikauandika kwenye daftari: Kisorya, hakuna. Ndivyo nilivyoandika pia siku ya Jumatatu. Siku isiyo na habari na siku iliyopotea zilikuwa zimekaa kwenye daftari langu zikifanana kama mapacha. Bhoke alikuja tena, safari hii akasimama mezani na hakukaa.

"Tangu redio imewekwa hatujawahi kupitisha siku. Hata alipofiwa na baba yake alisalimia kwanza, halafu ndio akaniambia amefiwa. Angalia huko ndani."

"Niangalie wapi?"

"Mimi najua wapi? Si ndiyo kazi yako."

Nikaangalia, zaidi ili aniache. Kwenye jalada la vilivyokataliwa, Kisorya, jana, saa saba na dakika kadhaa. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mzigo uliobanwa ukikatika haufunguki kwa njia ya kawaida, lakini mwanzo wake unaweza kukamuliwa mpaka pale ulipovunjika, kwa sababu yule katibu mvivu anaandika kwa mpangilio. Nilijaribu mara mbili nikakosea amri, mara ya tatu kioo kikatoa maneno. Bhoke aliyasoma kwa sauti, na mzee Masatu akaja kusikiliza.

"Habari za tangu jana dada Bhoke, poleni na mvua. Za nyumbani, watoto? Msalimie mzee Masatu na huyo fundi wako asiyependa salamu. Sisi hapa hatujambo, ila"

Ikaishia hapo.

"Ila nini?" Bhoke akaniuliza, kana kwamba nimeificha.

"Imekatika."

Mnajua tunavyojibu salamu kwetu. Mtu hawezi kuanza na msiba. Atasema hatujambo hata kama nyumba inaungua, halafu ndipo aseme ila. Kwa hiyo ila ndiyo barua yenyewe. Mzee Masatu hakusubiri neno jingine. Alizima modemu, akachukua maiki, akaita kwa sauti yake ya meli.

"Kisorya, Kisorya, Musoma hapa. Ova."

Aliita mara nne. Mara ya tano akajibiwa.

"Musoma, Kisorya hapa. Shikamoo mzee, habari za asubuhi. Ova."

"Marahaba mwanangu. Jana uliandika hamjambo, ila. Ila nini? Ova."

Redio ikakoroma kidogo.

"Ila mama ameumwa na mbwa, mzee. Mbwa mwenyewe mbaya. Mnaniuliza leo? Mashine si ilisema imefika? Mama wa watu amekaa hapa kwenye benchi tangu asubuhi anangoja basi. Ova."

Chanjo ilikuwa kwenye friji yetu. Kutoka kiti changu mpaka friji ile ni hatua kumi. Nilizipiga wakati ule nikiwa nazihesabu, sijui kwa nini. Basi la Kisorya lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Tuliweka chanjo, na ile dawa ya kinga inayochomwa jerahani, kwenye kikasha cha baridi pamoja na barafu, nikapata gari dogo la kwenda Bunda. Bhoke alikuwa ameshapiga simu Bunda, na nilipofika nilimkuta daktari wa ndama barabarani, juu ya pikipiki yake mwenyewe, amevaa koti la mvua la mtu mwingine.

"Kaa nyuma," akasema. "Kikasha kiweke mapajani. Tukianguka, anguka wewe. Kikasha kibaki juu."

Barabara ile siku hizi ni lami. Wakati ule, mbele ya Kibara, ilikuwa uji. Tulianguka mara mbili, na mara zote mbili nilianguka kama nilivyoagizwa. Sehemu moja maji yalikuwa yamekata njia. Watu watatu wakatubebea pikipiki mabegani, nami nikavuka na kikasha kichwani. Daktari alizungumza njia nzima, sehemu kubwa ikiwa ni juu ya ng'ombe, na baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananizuia nisifikiri.

Tulifika karibu saa kumi. Mama Nyangeta alikuwa bado kwenye benchi, mkono umefungwa, khanga imefunikwa juu yake. Alikuwa mwanamke mpana, wa miaka arobaini na kitu. Aliyatazama matope yetu kutoka chini kwenda juu.

"Ndiyo mmeileta?"

"Ndiyo mama."

"Mmechelewa."

"Tumechelewa mama."

Nyabwire akafungua kikasha. Kipimajoto kilionyesha chanjo iko salama. Akamchoma sindano ya kwanza ya chanjo, na ile ya kinga kuzunguka majeraha. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Hakuna aliyeniuliza barua ilipotelea wapi, nami sikusema.

Niliporudi Musoma mzee Masatu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama barabara ni mbaya. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Nilifuta ule mstari wa pili siku ile ile. Tangu hapo hakuna kituo kinachofuta mzigo mpaka upande wa pili uupokee, uufungue, uuone mzima, na urudishe jibu. Mzigo usiofunguka unapiga kelele, haulali kwenye jalada. Na neno UMEFIKA halitokei mpaka jibu limerudi. Kabla ya hapo kioo kinasema UNASUBIRI.

Kisha nikarudi kwenye ule mstari wa kwanza. Nilichukua barua za wiki moja za vituo vyote, nikazibana pamoja na salamu zake. Halafu nikakaa nikazing'oa salamu zote kwa mkono, nikabana tena. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani nimekosea faili. Salamu zetu zinafanana. Habari za huko ya Butiama ni habari za huko ya Bunda. Katibu mvivu alikuwa anaandika kama hapo juu, kama hapo juu. Nilikuwa nimewanyima watu salamu ili kuokoa kitu kisichojaza hata kijiko. Kilichokuwa kinakula betri ni picha na fomu za taarifa.

Mjuaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba kama Nyabwire angetii na kuanza na habari yenyewe, kile kipande kilichookoka kingekuwa na habari ya mbwa, si ila. Ni kweli, nimelifikiria sana. Lakini kama angetii, nani angejua kuna kipande cha kutafuta? Daftari langu lilikuwa limeshaandika hakuna.

Niliondoa tangazo. Nikaweka kwenye programu kwamba kila mzigo, hata mtupu, utangulie na salamu ya kituo, na kituo kisiposalimu kwa mizigo miwili mashine iite mtu. Ndiyo ile salamu ya mashine ambayo baadhi yenu mmekuwa mkitaka kuiondoa. Mimi nimestaafu, siwezi kuwazuia. Nimewaeleza tu ilikotoka.

Sindano zilikuwa tano kwa mwezi mzima. Kila iliyobaki niliipeleka stendi mwenyewe, nikamkabidhi kondakta, nikarudi kukaa karibu na redio kama mgonjwa wa pili. Nyabwire alikuwa akijibu: hatujambo, ya pili tayari. Hatujambo, ya tatu tayari, mama anasema mkono unawasha, kuwasha huko ni kidonda kinapona. Niliisoma ile mara nyingi, maana kichaa cha mbwa nacho huanza kwa kuwasha pale palipoumwa. Siku ya sindano ya tano barua yake ilikuwa ndefu kuliko zote, salamu kwa kila mtu ofisini mpaka mlinzi, na hakukuwa na ila popote. Bhoke aliichapa, akaja akaiweka mezani kwangu, akaondoka. Nililala mchana ule palepale kwenye kiti.

Yaliyofuata mnayajua. Minara ya simu ilipanda, redio zikashushwa, modemu zikaingia stoo. Mizigo bado ipo, kwa sababu ziko zahanati ambazo mtandao wake hadi leo unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi. Mzee Masatu alistaafu akahamia shambani, Bhoke alinitangulia kuondoka. Mimi nimerudisha funguo mwezi uliopita na ninalala vizuri, jambo ambalo fundi wa mitambo hawezi kulisema akiwa kazini.

Limebaki moja. Baada ya sindano ya tano na wiki kadhaa za kungoja, nilikwenda Kisorya kufunga programu mpya. Nilipomaliza, nikamuuliza Nyabwire njia ya kwa Mama Nyangeta. Nilimkuta uwanjani, ameanika dagaa juu ya nyavu kuukuu, uwanja mzima unameta.

"Shikamoo mama."

Alinitazama. "Marahaba. Wewe ni yule wa matope."

"Ndiyo mimi. Nimekuja kukwambia kitu." Nikamwambia. Nikamweleza kwamba barua ya nesi juu yake ilifika nusu, kwamba nusu nyingine ilifutwa kwa amri yangu, na kwamba yale maneno ya kioo yaliyomdanganya nesi niliyaandika mimi.

"Kwa hiyo ile barua ilikuwa Musoma tangu Jumatatu?"

"Kipande chake."

"Na dawa?"

"Ilikuwepo."

"Na wewe?"

"Nilikuwepo mama. Nimekaa."

Alikuwa anatazama juu ya bega langu, upande wa Ukerewe, ambako ziwa lilikuwa limeshageuka rangi na upepo wa baridi umeanza kuja.

"Shika huo upande," akasema.

"Upande gani?"

"Wa wavu, baba. Huoni mvua? Kama una mengine utaniambia tukiwa ndani."

Nikashika. Tulikunja nyavu moja baada ya nyingine, yeye akitangulia, mimi nikikimbia nyuma yake, magamba yamenijaa mpaka shingoni. Alikuwa ananikaripia: inua, usiburuze, kumbe huko Musoma mnafundishwa nini. Wavu wa mwisho uliingia kibandani tone la kwanza likigonga bati. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, uwanja ukawa tope, na ndani dagaa walikuwa wakavu. Mama Nyangeta alinyoosha ule mkono wenye makovu, akavuta mlango wa bati ambao mimi nilikuwa nimeshindwa kuuvuta, na mlango ukafunga.